Punje Mia Moja: Shajara ya Kikundi cha Utafutaji, Pembeni mwa Mkonge wa Tanga

7 Juni

Tumekutana kwa mara ya kwanza chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, watu kumi na wanne. Bodaboda watano, wakata mkonge wanne, mgambo wawili, mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja wa vicoba ambaye watu humsikiliza kuliko mwenyekiti, na mimi.

Kijiji chetu kiko kati ya Pongwe na Muheza. Mbele tuna barabara ya Segera, nyuma tuna mkonge. Upo mkonge unaolimwa, mistari imenyooka na ukisimama mwanzo wa mstari unauona mwisho wake. Upo pia uliotelekezwa: milingoti imeanguka, miche imejiotea ovyo, vichaka vya miiba vimeziba njia za trekta. Watu wetu hupotelea katika huu wa pili.

Nianze na sababu ya kuandika, nisije nikaizunguka baadaye. Miaka mitatu iliyopita bibi yangu, ambaye ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemshika, alitoka nyumbani baada ya swala ya alasiri. Tulipiga mbiu, wakaja watu zaidi ya mia. Tulitafuta siku tatu, tukafika mpaka mtoni. Siku ya nne mchanja kuni alimkuta amefariki, mita mia mbili na kitu kutoka mlangoni petu, katika kitalu nilichokipita mwenyewe siku ya kwanza nikiita jina lake. Jioni ile mtu aliuliza, "Na kile kitalu cha nyuma?" Nikajibu, "Tumeshapita pale." Hakuna aliyerudi.

Neno hilo ndilo nataka tuling'oe kijijini kwetu. Kupita mahali ni jambo moja, na mtu kutokuwepo hapo ni jambo jingine. Katikati yao pana namba, na siku ile hatukuwa nayo.

Tumekubaliana mambo mawili kabla ya kuagana. Mtu akipotea hatusubiri saa 24 zipite: polisi wanapigiwa 112 na Zimamoto na Uokoaji 114 papo hapo, na sisi tunaanza kazi. Na mahali alipoonekana mara ya mwisho panazungushiwa kamba kabla umati haujafika. Kwa bibi, watu mia walisimama juu ya nyayo zake.

14 Juni

Vifaa. Filimbi nane, dira mbili, tochi sita, daftari la kurasa ngumu. Riboni za rangi ni ghali, lakini tuko Tanga: tumepata robo tatu ya mzigo wa kamba ya katani kwa bei ya shukrani. Tunaifunga vipande vipande kwenye majani kuonyesha ukingo wa eneo lililopitwa. Inaonekana vizuri mchana. Kwa ajili ya usiku tumeichovya ncha kwenye chokaa.

15 Juni

Leo tumepima macho.

Waokoaji wa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, wana zoezi rahisi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Weka chini kitu kinachofanana na unachokitafuta. Ondoka ukikitazama mpaka kipotee, hesabu umbali. Sogea pembeni ukizunguka, kisha rudi polepole mpaka ukione tena, hesabu. Fanya hivyo kutoka pande zote, utafute wastani. Huo ndio umbali wa jicho lako kwa kitu hicho, katika majani hayo, saa hiyo. Kesho mawingu yakitanda, unapima upya.

Kwanza ilibidi kila mmoja ajue hatua zake. Tulipima mita mia kwa kamba kwenye njia ya trekta, kila mtu akatembea mara tatu akihesabu. Mimi ni hatua 138, na ndani ya mkonge uliotelekezwa zinafika 170 kwa sababu ya kuruka na kukwepa.

Kanga nyekundu katika mkonge unaolimwa: wastani mita 19. Kanga hiyohiyo katika uliotelekezwa: mita 11. Gunia la rangi ya udongo hapohapo: mita 7. Mkata mkonge mmoja, ambaye amefanya kazi humu tangu ujana, alikataa kuamini. Alirudia mwenyewe, akapata 6. Akakaa chini kwenye jani akanyamaza.

Tulipotafuta bibi, nafasi kati ya mtu na mtu ilikuwa kiasi cha mita ishirini. Tuliona tumesogeleana sana.

22 Juni

Magunia kumi yaliyojazwa nyasi kavu, ukubwa wa mtu aliyejikunja. Mwalimu na mama wa vicoba waliyaficha alfajiri, wakachora ramani, wakaikunja. Sisi kumi na wawili tukajipanga mstari mmoja, mita 15 kati ya mtu na mtu, tukakipita kitalu mara moja.

Kabla ya kuhesabu, mwalimu alimuuliza kila mmoja pembeni: "Unadhani tumekisafisha kitalu kwa asilimia ngapi?" Wengi walisema tisini. Mmoja alisema mia.

Tulikuwa tumeona magunia sita.

Tukapita tena, safari hii kukatisha mistari badala ya kuifuata. Tukapata mawili kati ya manne yaliyobaki. Mawili hatukuyaona mpaka tulipopelekwa kwa ramani. Moja lilikuwa hatua tatu kutoka alipopita bodaboda mwenye macho makali kuliko sote. Lilifichwa na majani ya upande aliotokea. Angegeuka nyuma baada ya kulipita angeliona lote. Tumeandika: kila hatua kumi, simama, geuka, tazama ulikotoka. Jicho linalotazama mbele tu limefanya nusu ya kazi.

Jambo hili lina hesabu yake, na ni ya zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Bernard Koopman, mwanahisabati wa Marekani, alifanya kazi na jeshi la majini la nchi yake kwenye tatizo la kutafuta nyambizi baharini. Alionyesha kwamba juhudi ikiongezeka maradufu, matokeo hayaongezeki maradufu. Chukua upana ambao macho ya mtu mmoja yanaufagia kweli, ugawe kwa nafasi kati ya mtu na mtu. Ukipata nusu, uwezekano wa kukiona kitu kilichomo ni kama asilimia 39. Ukipata moja kamili, yaani kwenye karatasi umefagia eneo lote, ni 63 tu. Ukipata mbili, 86. Mia haifikiwi.

Macho yetu siku hiyo yalifagia mita 14 hivi, saba kulia na saba kushoto, na nafasi ilikuwa 15. Hesabu inatoa kama 61. Tuliona sita kati ya kumi. Zoezi moja halithibitishi kitu, ila niliona mwalimu akiandika namba hiyo ubaoni mwake kwa chaki na kuipigia mstari mara mbili.

29 Juni

Hii ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote.

Swali: utajuaje kitalu gani kitangulie? Kwetu huamua mwenye sauti kubwa. Akisema mtoni, wote mtoni. Wataalamu wa utafutaji wana njia ya kukusanya maoni bila sauti kubwa kumeza ndogo: kila anayelijua eneo na kumjua aliyepotea anagawa asilimia mia peke yake, kwa siri, kisha wanatafuta wastani. Karatasi zilitutatiza, wawili kati yetu hawasomi vizuri. Mama wa vicoba akasema, "Tupeni mahindi."

Kwa hiyo kila mtu anapewa punje mia moja. Chini tunachora ramani ya kijiji kwa kijiti, kila eneo na kibakuli chake. Kipo kibakuli kimoja cha lazima kinachoitwa "hayupo humu kabisa": kapanda gari, yuko kwa shangazi, amelala kwa rafiki. Anagawa mmoja mmoja, wengine wamegeuza migongo.

Utamu unakuja baada ya kutafuta. Tuseme kitalu kilipewa punje 40 na tukakipita kwa namna inayotupa asilimia 50 ya kumwona kama yumo. Hatukumwona. Tunatoa nusu, punje 20, tunaziweka pembeni. Zinabaki 20. Duniani kote zimebaki punje 80, na kitalu hicho bado kina robo yake. Kibakuli hakijawa kitupu. Unakiona kwa macho hakijawa kitupu.

Mgambo mmoja, mtu mzima, alisema, "Kumbe 'tumeshapita pale' ni kutoa punje chache tu." Niliondoka kidogo nikaenda kunawa uso.

12 Julai

Nyayo. Tumemfuata mzee mmoja wa kitongoji cha juu ambaye enzi zake aliwinda nguruwe pori walioharibu mihogo. Tulimwamkia, tukaketi, akatuuliza habari za nyumbani kwa kila mmoja kabla ya kutaja kazi.

"Wanangu," akasema, "unyayo haukanyagwi wala haurukwi. Usipouona unaofuata, simama kwenye huu."

Nilimweleza fimbo wanayotumia wafuatiliaji wa Marekani: fimbo nyembamba yenye mipira miwili ya kuvutika, unapima kutoka kisigino cha unyayo mmoja hadi kisigino cha unaofuata, kisha unaizungusha mbele ya unyayo wa mwisho kama mkono wa saa. Unyayo ujao lazima uwe karibu na pale ncha inapopita. Mzee aliishika, akaijaribu mara mbili. "Sisi tulitumia mkuki," akasema, "lakini mipira hii ni akili."

Mengine aliyotufundisha: kufuatilia ni asubuhi na jioni, jua likiwa chini, na unyayo uuweke kati yako na jua ili kivuli kijae kwenye mashimo yake. Adhuhuri ardhi inakuwa bapa, haisemi. Na swali la kwanza kwa familia lisiwe "amevaa shati gani", liwe "amevaa nini miguuni". Katambuga, kandambili, peku, kila kimoja kina mwandiko wake. Tumeongeza swali hilo juu kabisa kwenye karatasi ya mahojiano.

16 Julai

Shule ya msingi, darasa la kwanza hadi la nne. Mwaka 1981 huko San Diego, Marekani, ulianzishwa mpango wa kuwafundisha watoto kukumbatia mti wakipotea: chagua mti mmoja, kaa hapo, usitangetange. Sababu yake tuliionyesha uwanjani. Tulimfunga mtoto kitambaa usoni tukamwambia aende moja kwa moja mpaka golini. Aligeuka taratibu akaishia jikoni kwa mpishi wa uji. Watafiti wa Ujerumani mwaka 2009 waliwatembeza watu msituni na jangwani Sahara, wakakuta kwamba jua au mwezi usipoonekana mtu huzunguka na kurudi kwenye njia yake mwenyewe huku akiamini ananyoosha.

Kilichonishtua ni jibu la msichana mmoja. Tuliuliza: ukipotea ukasikia watu wazima wanaliita jina lako usiku, utafanyaje? Akasema, "Nitajificha. Mama amesema nisiende na watu nisiowajua." Mtoto mtiifu anaweza kunyamaza mita tano kutoka kwa anayemtafuta. Tumekubaliana na wazazi: kila nyumba iwe na neno lake la siri ambalo mtafutaji atapewa alitamke.

2 Agosti

Wito wa kwanza wa kweli. Mvulana wa miaka tisa hajarudi kutoka kuchunga mbuzi, saa moja usiku. Bodaboda wawili walitumwa kwanza kwenye kibakuli cha "hayupo humu kabisa". Alikuwa kwa mama yake mdogo, kijiji cha pili, anakula. Dakika arobaini. Tumeandika.

16 na 17 Agosti

Saa mbili kasoro usiku, Jumamosi. Mzee wa miaka sabini na kitu, anasahau, hajaonekana tangu kabla ya magharibi. Mwanawe alinipigia mimi baada ya kupiga 112.

Nilifika nikakuta mama wa vicoba ameshazungusha katani mlango wa nyuma na amesimama hapo kama askari. Watu walikuwa wanakusanyika na tochi. Bodaboda watatu walitumwa kwenye njia panda tatu, kazi yao kukaa tu, taa zimewashwa, kumzuia asitoke bila kuonwa na kuwa mwanga wa kumvuta. Mmoja alilalamika kwamba anataka kutafuta. Nilimwambia anatafuta.

Mahojiano: kandambili, ya kulia mkanda umeshonwa kwa waya. Kaunda suti ya kijivu. Haitiki akiitwa tangu mwaka jana, si kwa sababu ya masikio. Ujanani alifanya kazi korona, kiwanda cha kusindika mkonge ambacho sasa ni kuta tu. Wenye maradhi haya mara nyingi hurudi walikofanya kazi au walikoishi zamani, na mara nyingi huenda mpaka wanapokwama, wakabaki hapo walipokwama.

Punje: kitalu cha nyuma ya nyumba 45, njia ya korona ya zamani 25, mtoni 15, hayupo humu 15.

Wanne walienda haraka njia ya korona mpaka kwenye kuta na kurudi. Njia ni wazi, tukakadiria 60, tukatoa punje 15. Watu kumi na mmoja tulikipita kitalu cha nyuma kwa tochi. Tulipiga filimbi zote kwa pamoja kila mita mia, kisha dakika nzima ya kimya. Kusi ilikuwa inavuma, na nimegundua jambo la kuandika: tulioko upande wa juu wa upepo hatukusikia hata filimbi za wenzetu. Kwa usiku, miiba na upepo nilikadiria 30. Tukatoa punje 13.

Saa nane usiku umati ulianza kusema mtoni. Mjomba wa mzee, mtu wa heshima, alisema kwa uchungu, "Mwanangu, hapa nyuma mmeshapita. Mnangoja nini?"

Nilimwonyesha bakuli. Sikuwa na maneno. Kitalu cha nyuma kilikuwa na punje 32, mtoni 15, njia ya korona 10, nje 15. Jumla 72. Akamulika kwa tochi yake, akazitazama kwa muda mrefu, akaziacha bila kuzigusa. "Basi wachache mtoni," akasema, "wengi wabaki." Ndivyo tulivyofanya.

Jua lilipochomoza mzee mwindaji alikuwa ameshachuchumaa ukingoni mwa njia ya trekta, anatazama mashariki. Hakuita. Alinyoosha kidole. Kandambili ya kulia, na nyuma ya kisigino mkwaruzo mwembamba kama wa kalamu: waya. Hatua fupi, mguu unaburuzwa. Tuliweka mipira kwenye fimbo. Yeye mbele akisoma, wawili pembeni nyuma yake wakichunga njia isigeuke, wengine wote wamesimama. Tulipoteza unyayo mara mbili kwenye majani makavu, mara zote mbili akakataa kusogea mpaka fimbo ilipompa jani lililovunjika upande mmoja.

Saa moja na nusu asubuhi, mita 310 kutoka mlangoni, kwenye mtaro uliofunikwa na miiba. Alikuwa ameketi, magoti kifuani, anatetemeka, yu hai. Mstari wetu wa usiku ulipita kiasi cha mita kumi na mbili kutoka hapo. Katani yetu ilikuwa inaning'inia pale.

Aliyemfikia kwanza alikuwa mkata mkonge. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kengele imeshalia?"

"Imelia, babu. Watu wanarudi nyumbani."

Tukamfunika kanga mbili, maji kwa vijiko kidogo kidogo, miti miwili na magunia kwa machela, mpaka barabarani. Baadaye mwanawe alimuuliza kama alitusikia usiku. Akasema ndiyo, alituona hata taa. Alidhani ni watu wa zamu wanaitana.

24 Agosti

Tathmini fupi. Filimbi ziongezwe ziwe kumi na tano. Mstari wa usiku uende dhidi ya upepo, na anayesikiliza asiwe anayepiga. Makadirio yangu ya 30 yalikuwa makubwa. Kwa tochi ndani ya miiba, jicho letu labda halikuzidi mita tatu. Tutapima usiku, kwa vitambaa vya kijivu. Mzee mwindaji ameomba vijana watatu wa kufundisha kila Jumamosi, na amepewa watano.

30 Agosti

Leo nimekwenda peke yangu kwenye kitalu cha bibi. Niliahirisha tangu Juni.

Mchanja kuni alinionyesha mahali zamani, na mahali napajua. Bibi alivaa kaniki. Nilikunja kitambaa cheusi kwa ukubwa wake, nikakiweka chini ya majani, nikaondoka nikikitazama, nikazunguka, nikarudi. Pande nane. Wastani ni mita 4.

Macho yalifagia mita nane, nafasi yetu siku ile mita ishirini. Nane kwa ishirini ni sehemu nne za kumi. Nimeketi pale nikaikokotoa kwenye daftari hili: asilimia 33. Kama ungempa bibi kibakuli chenye punje 60 jioni ile, kingebaki na 40.

Jioni nilimweleza mama yote, kwa punje, mezani. Alifuata hesabu mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo mlimpita."

"Ndiyo, mama. Nilimpita mimi."

Alizikusanya punje, akazirudisha kwenye kopo. Kisha akaingia chumbani, akakaa humo kitambo, akatoka na kaniki iliyokunjwa, inanuka karafuu.

"Hii ilikuwa ya pili yake," akasema. "Mfanyie mazoezi. Yenu haina rangi yenyewe."

Imeingizwa kwenye orodha ya vifaa, namba 23. Jumamosi tunaipima usiku.